Kuku Anayeatamia Juu ya Seva ya Ukoo

Ganako, Karatu

Kwa Baba Mdogo Inosenti,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Mang'ola.

YAH: KUKU, NYWILA, NA UKAIDI WA BINTI YAKO CLARA

Shikamoo Ba'mdogo, na pole na vitunguu. Sisi huku wazima, baridi tu. Barua hii utaletewa na dereva wa lori, maana mambo ya siri siyaandiki WhatsApp, na msimamo wangu unaujua.

Utakumbuka niliwaomba wote mnikabidhi picha na sauti za ukoo nizitunze kwenye seva yangu hapa stoo, kisha mfute za kwenye simu. Vitu vyetu vikae kwetu! Kwa nini sauti ya marehemu Bibi Angela, mama yako mzazi, akitubariki wajukuu Krismasi yake ya mwisho, ikalale Ulaya kwenye mashine ya mtu asiyejua hata Karatu iko wapi? Seva yenyewe ni kompyuta niliyoipata ofisi moja ya utalii ilipofungwa. Nikaitoa Windows, nikaweka Linux, na tangu hapo haijanisumbua hata kidogo. Wanaonisumbua ni watu.

1. Mke wangu Lukresia amemweka kuku aatamie juu ya seva. Eti Ganako baridi na pale pana joto. Ba'mdogo, lile joto ni la kazi! Nikimsogeza kuku ananidonoa, nikilalamika Lukresia ananinunia. Nimeishia kutandika gunia ili kinyesi kisiingie ndani ya mashine, na bado naambiwa gunia lilikuwa la mahindi.

2. Nywila. Nilisema ziwe ndefu na za siri. Wewe mwenyewe, kwa heshima zote, umeweka jina la ng'ombe wako, yule unayemwita kwa sauti kila jioni akitoka machungani. Mang'ola nzima inaijua nywila yako. Naomba ubadilishe nywila, au ubadilishe jina la ng'ombe.

3. Clara. Hapa ndipo damu inanichemka. Rekodi ya Bibi tumeifuta wote, mimi nikiwa wa kwanza ili kuonyesha mfano. Clara peke yake kagoma! Anayo kwenye ile simu yake iliyopasuka kioo, anaisikiliza akipanga vitunguu, na vibarua wote wanaisikia. Jamani, huo si uvujaji wa taarifa ni nini? Leo baraka za Bibi, kesho mipaka ya shamba.

Kwa hiyo naomba kikao kipitishe haya kabla ya misa ya kumbukumbu ya Bibi, ambapo rekodi itasikilizwa na watu wote kutoka kwenye seva yangu. Stoo iitwe Kituo cha Taarifa cha Ukoo, na chochote chenye mabawa kisiingie. Anayetuma maua ya asubuhi njema kwenye grupu anyimwe bando, hata kama ni mzee mwenye wajukuu. Na Clara atozwe mbuzi, aliwe siku hiyohiyo.

Nisalimie Ma'mdogo Sifa, watoto wote, majirani, na huyo ng'ombe ambaye jina lake silitaji kwa sababu za kiusalama.

Ni mimi mwanao, mlinzi wa kumbukumbu zenu,
Remigius Hhando

N.B. Lori lilichelewa, barua ikabaki mezani. Leo asubuhi nimekuta seva imenyamaza. Gunia langu liliziba matundu yote ya hewa. Fundi wa mjini ameifungua diski, ameitazama, kisha akanipa pole kama tuko msibani. Vifaranga vimetotolewa, vizima vyote, na Lukresia anaisifu mashine kwa mara ya kwanza.

Ba'mdogo, nakuomba sana, mwambie Clara asifute. Asimpe mtu ile simu, wala asiitengeneze kioo, aje nayo misani hivyohivyo. Mbuzi nitatoa mimi. Mle ndani Bibi ananitaja kwa jina, na ya kwangu niliifuta kwa mkono wangu.