Vita vya Concetta na Ukuta wa Jikoni

Sogeeni, enyi mlioshiba na enyi mnaongoja sufuria iive, mtege masikio, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa Jumapili moja mjini Providence, katika jiko la chini ya ardhi la ukoo wa Iannuzzi, baina ya mwanamke na ukuta. Na asiyependa habari za vita na ajiendee zake, wala asirudi kuuliza nani alishinda.

Shujaa wetu ni Concetta binti Saverio, malkia wa mchuzi wa nyanya, mjane wa Carmine mwashi, mwanamke ambaye hata padri hushusha sauti mbele yake. Mjukuu wake Loredana alikuwa amerejea kutoka chuo kikuu na shahada ndani ya fremu ya kioo, wa kwanza katika damu ile kuipata tangu walipoivuka bahari kutoka Italia. Naye Concetta akaapa kwamba shahada hiyo itatundikwa jikoni, mbele ya meza, kabla ukoo haujaketi kula.

Hapo akainuka Ermelinda, dada wa marehemu Carmine, mlinzi wa mila, mwenye ulimi mkali kuliko wembe.

"Wifi, umerukwa na akili? Shahada jikoni? Ipeleke juu sebuleni, kwenye makochi mazuri!"

"Makochi yapi, wifi? Yale tuliyoyavika nailoni siku tuliyoyanunua, hatujayavua mpaka leo? Nani anakaa kule?"

"Padri anakaa!"

"Padri, na maiti akisubiri kuzikwa. Walio hai wote wa nyumba hii wanakula huku chini. Mtoto hakusoma ili akasomwe na makochi!"

"Haya, gonga basi," Ermelinda akacheka. "Ukuta huo kajenga kaka yangu. Tutaona."

Na kweli ukuta ule haukuwa wa mchezo. Carmine aliumwagia saruji kana kwamba alitarajia kuzingirwa na majeshi saba. Concetta akauendea, nyundo mkononi, aproni kifuani kama deraya, akapiga pigo la kwanza lililotikisa sahani kabatini. Msumari ukapinda kama tambi. Mwingine ukaruka, ukatumbukia kwenye mchuzi, ukaopolewa kwa upawa. Kisha nyundo yenyewe ikaasi, ikamshukia kidole gumba, naye akataja watakatifu ambao hakukusudia kuwaomba lolote.

"Bibi, basi," Loredana akasihi. "Itakaa hata juu ya friji."

"Juu ya friji hukaa mkate!"

Akaitupa nyundo, akasimama mbele ya ukuta mikono kiunoni. "Carmine! Hata kaburini huachi ubishi? Mjukuu wako amemaliza chuo, nawe unaninyima tundu la msumari?"

Ukuta ukanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza Carmine mwenyewe kila alipogombezwa.

Ndipo Rosaria, binti wa Concetta na mama yake Loredana, aliyekuwa akikoroga mchuzi muda wote bila kutia neno, akauweka upawa chini. "Mama," alisema, "msumari upo."

Akaenda mpaka mbele ya meza, akaliondoa shada la vitunguu saumu lililoning'inia pale miaka na miaka. Nyuma yake palikuwa na msumari mnene, umezama ukutani kama gego ufizini.

"Baba aliuchomeka saruji ikiwa mbichi. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza shule. Akaniambia, 'Huu ni wa cheti chako.' Halafu akaanguka kazini akafa, mimi nikaacha shule nikaenda kiwandani kushona."

Concetta akaketi. Moyo ulimuuma kuliko kidole. "Saumu niliitundika mimi," alisema, "ili usiuone mtupu kila ukila. Mwisho nikausahau."

"Mimi sikuusahau, Mama."

Ermelinda, bila kuombwa, akaifuta fremu kwa aproni yake, akapenga kamasi kwa aproni ileile, akasema, "Haya, itundikeni basi, tambi zinalainika."

Loredana akampa mama yake fremu. "Itundike wewe. Msumari ni wako."

Basi na vizazi vijue kwamba Jumapili ile ukuta wa Carmine, ulioshinda nyundo na misumari, ulisalimu amri kwa mwanamke aliyekuwa anakoroga mchuzi. Shahada imekaa upande kidogo na inanuka saumu hadi leo. Rosaria huketi mbele yake kila mlo, na hakuna anayethubutu kumchukulia kiti.