Mshirika wa Mama Kaltumu

Mwaka ule watu waliporudi Arua kutoka ukimbizini Zaire na Sudan, kila mmoja alirudi na kitu: huyu cherehani, yule mbuzi. Draku alirudi na mdomo wake. Aliuamini sana. Bahati mbaya, Arua nzima ilishauzoea, na hakuna mwenye duka aliyekubali kumpa mali kauli, yaani bidhaa za kuchukua leo na kulipa ukishauza, hata kiberiti kimoja.

Siku moja sokoni akamwona Mama Kaltumu wa Koboko, mjane wa ushungi mweupe, anapewa gunia la chumvi kwa neno moja tu: "Nitarudi." Draku akamtazama kama mtu anavyotazama kuku aliyeiva.

"Mama, kule Kaya, Sudan, ng'ambo ya mpaka wa Oraba, sabuni iko kwisha kabisa. Watu wanaoga na majani! Wewe iko na jina, mimi iko na akili. Tufanye kampuni."

Mama Kaltumu alimpima kutoka kofia hadi kandambili. "Natafuta mshirika siku nyingi. Lakini watu wanasema wewe mwizi."

Draku alishika kifua. "Wanasema wote?"

"Wote. Mpaka Kuluva, mpaka wagonjwa wa hospitali."

"Wivu tu, mama."

"Basi sawa," alisema mama, na macho yake yakalainika. "Wewe ndiye."

Draku, maskini, alidhani ni mdomo wake uliofanya kazi.

Wenye maduka, kwa tamaa ya faida mara mbili aliyowaahidi mama, walisukumana kumletea mama sabuni za mche mpaka lori likainama. Mama alitaka Draku akae mbele, awapungie wote mkono. Draku alipunga kama mheshimiwa. Moyoni alishafungua duka lake Kaya. Mpango ulikuwa mwepesi: Koboko, mama akiingia kumsalimu dada yake Keji, yeye na dereva Kamisi wanapotea na sabuni. Kamisi alishakubali kwa kichwa.

Walipofika, mama akasema, "Tangulia wewe, ndugu yangu. Mshirika akipita mlango wa dada yangu bila kula, ni matusi. Nakuja na zawadi."

Harufu ya kuku ilimfikia Draku barazani. Akaona wizi unaweza kungoja paja moja.

Nje lori likanguruma. Kijana mzuri Kamisi, aliwaza, anageuza. Akaongeza mchuzi.

"Mama anakawia," alisema hatimaye.

"Kaltumu? Alipanda pikapu, amerudi Arua." Keji alimsogezea ugali. "Amekwenda kulia."

"Kulia nini?"

"Kwamba umemwibia sabuni. Mwanangu Kamisi anaipeleka Kaya."

Draku alirudisha tonge sahanini. "Mimi niko hapa! Sijaiba kitu!"

"Nani atasadiki?"

Draku alitafuta jina. Alianza na mkewe, akamwacha. Akajaribu mama yake mzazi, akamruka upesi.

"Dada anakusalimu," Keji aliendelea. "Anasema waaminifu wako wengi, lakini mali ikipotea mikononi mwao, watu wanauliza maswali. Wewe, hakuna atakayeuliza."

Draku alitaka kukasirika. Lakini tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumchagua kwa uangalifu namna hiyo. Alinawa mikono, akauliza kama kuna njia ya kwenda kujificha kijijini Abuku isiyopita barabarani.

"Njia iko. Lakini Abuku ni kulima tu."

"Nitalima," alisema Draku kwa unyonge. "Niazime jembe, dada, nitarudisha."

Keji alicheka mpaka akakaa chini. "Jembe langu? Nikupe wewe?"