Karani Asiyeishi Popote

Ndugu zangu, leo nimeadhirika. Tena mbele ya mama yangu mzazi.

Mnajua kazi yangu: karani na mkalimani wa Bwana Injinia wa maji, Mwingereza. Mwezi uliopita alitaka kulipangia daraja la hatari bwawa letu dogo, lile tuta la udongo la kuzuia mafuriko ya masika. Daraja halitazami ukubwa wa tuta. Linatazama tuta likipasuka atakufa nani. Kama hakuna mtu, ni hatari ndogo, linaachwa lilivyo. Kama kuna nyumba, ni hatari kubwa. Hapo serikali inachimba mchepuko mpana wa maji na kuajiri mlinzi.

Akanituma nikaulize. Nikamwendea mchili, mkuu wa mtaa wetu: kule chini anaishi nani? Mzee akanishangaa.

"Karani, chini ataishi nani? Chini tunalima mahindi tu, jioni tunapanda kurudi kwetu."

Nikaandika: Hakuna. (Sikudanganya. Kwetu Wachagga chini ni kule tambarare, kwenye joto na homa. Sisi wote tunaishi mlimani, hata aliye hatua hamsini chini ya tuta.) Bwana Injinia akapiga muhuri, hatari ndogo.

Leo, baada ya mvua ya siku tatu, akataka kuliona mwenyewe kabla ya kufunga faili. Tumepanda kwa miguu tangu alfajiri, viatu vyangu vimekula tope mpaka vimeshiba. Maji yamebakiza shubiri moja kufika juu ya tuta. Akatazama bondeni, akasema naona migomba tu. Nikaitikia. (Kwa uchovu nilionao, angesema anaona bahari ningeitikia.)

Kisha migomba ikatoa moshi.

Akauliza ni nini. Nikasema labda wanachoma majani. Lakini moshi ule naujua, ndugu zangu, nimekulia ndani yake. Ni jiko la mama. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiandika. Sikuogopea kazi. Niliyatazama yale maji, nikamwogopea mama.

Na bado nikarudia: ni majani, Bwana. Aibu ni kitu kibaya.

Bwana Injinia akateremka, nami nyuma yake, nusu kwa miguu, nusu kwa makalio. Tukaona nyumba. Kisha nyingine, na nyingine. Mlangoni pa ile ya kwanza mama alikuwa anamenya ndizi. Bwana akamwamkia kwa Kiswahili chake, akamuuliza kama anaishi hapa.

"Marahaba. Tangu niolewe," mama akasema. "Na huyo anayejificha nyuma ya mgomba ni mwanangu. Anaishi nyumba ile ya bati."

Bwana Injinia hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alinipa fomu mpya na kalamu, akasema nianze na jina langu.

Nimeandika nyumba zote, na sasa bwawa ni hatari kubwa. Vibarua wanaanza kesho kuchimba mchepuko. Usiku huu mtaa wote tunalala kanisani, juu kabisa. Majirani walitaka kujua kwa nini tunahama ghafla, ikabidi niwatafsirie kila kitu, neno kwa neno, mama akisikiliza.

Msinicheke, nina njaa. Ndizi zimeiva, watu wamepakuliwa. Mama amesema asiyeishi popote hapikiwi.