Baba Amekunywa Rangi

Jumatatu, 12 Agosti

Likizo, siku ya kwanza. Geti la hoteli ninalolinda kule Bamburi nimewaachia wenyewe wiki nzima. Tuone kama watajua kulifungua.

Mke wangu Nyamvula yuko zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hivyo mtoto ni wangu. Ameniwekea sharti. Kufikia Jumapili, stoo yangu ya uchoraji itoe kitu ambacho mtu mwenye macho atakitambua, na mtoto awe mzima. Kimoja kikikosekana, rangi zangu zinatoka, cherehani ya mama mkwe inaingia. Nikamwambia mimi nimefika Durban, nimeona picha za wachoraji wakubwa ukutani, hakuna hata moja iliyotambulika. Akasema basi nirudi Durban.

Mpango ninao. Jumapili babangu, Mzee Ngala, anatimiza miaka themanini, na kanisa letu hapa Mishomoroni linamfanyia ibada ya shukrani. Anakuja wiki hii kutoka Kaloleni. Nitamchora, na mtoto atashika brashi. Redio ilisema mtoto anayechora na mzazi wake huwa injinia. Au ilisema huwa mtulivu. Moja kati ya hayo.

Shida ni ndogo. Mtoto ni kifungua mimba, na desturi yetu ni abebe jina la babangu. Naye pia ni Ngala. Ana miaka miwili na ni baba yangu. Mimi namwita Baba, Nyamvula anamwita mkwe. Sasa baba wa mtu hakemewi. Unamwomba tu.

Jumanne 13

Nimemwomba Baba asikalie picha. Ameikalia.

Nilikuwa nimeanza vizuri mno: kichwa, mabega, kofia. Baba akaongeza mistari ya mkaa kutoka sikio hadi sikio. Nikasema nisimvunje moyo, ni ndevu. Mzee hajawahi kufuga ndevu, lakini hajachelewa.

Jirani yangu Jacktone, anayeandika mabango ya maduka na kujiona profesa, akachungulia dirishani. Akauliza hilo fenesi nimelivalisha kofia kwa sababu gani. Nikamwambia hii ni sanaa, si tangazo la kinyozi. Akasema kinyozi akilitundika hilo, wateja watafuga nywele. Halafu akaniambia rangi za dukani zina sumu, nisimpe mtoto. Hapo kasema kweli. Sikumwonyesha kwamba nimekubali.

Jumatano 14

Nimevumbua rangi yangu. Darasa la sita niliacha mwenyewe, sikufukuzwa, lakini leo mwalimu wa sayansi angenipigia makofi. Unapika uji mzito wa unga wa ngano, unatia chumvi. Bizari inatoa manjano, maji ya mchicha kijani, bitiruti nyekundu. Sumu hakuna. Nikasema kwa sauti kwamba hii mtu anaweza hata kuinywa. Baba alikuwa anasikiliza.

Saa tano nilitoka kuanua nguo. Dakika mbili, haki ya Mungu. Kurudi, bakuli zote tatu tupu. Baba ana masharubu ya rangi tatu. Akacheua, akanyoosha bakuli aongezwe.

Nikampa maziwa akalala. Nikaona si vibaya ndugu nao wacheke, nikaandika kwenye kundi la ukoo: "Baba amekunywa rangi yote. Nimempa maziwa, amelala." Papo hapo simu ikazima. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Nami nikajilaza kando ya Baba, tukakoroma.

Nyamvula akarudi, akayaona masharubu. Nikasema ni bizari tu. Akapitisha kidole shavuni mwa mkwewe, akaonja. Akasema chumvi imezidi.

Alhamisi 15

Alfajiri, kilio mlangoni. Dada yangu Dhahabu, anayekaa Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko, amevuka na feri ya kwanza, mkeka kwapani, sufuria ya kupikia watu hamsini kichwani. Akanikumbatia, akauliza Baba tumemlaza wapi. Nikamwonyesha: huyo hapo, anakula mkate. Akasema si huyo. Baba. Nikasema mimi Baba niliyemwandika ni huyo.

Sufuria ikaanguka. Hapo ndipo nilipoelewa.

Kumbe Mzee aliaga Kaloleni juzi, akasema anakuja kwangu, kisha akapitia Mariakani kwa rafiki yake Tinga. Simu yake huiwasha Krismasi. Kwa hivyo ukoo mzima ulijua yuko kwangu, anakunywa rangi.

Stima ilikuwa imerudi. Nikawasha simu. Ujumbe mia moja na arubaini na mbili. Saa sita wanalia. Saa saba wanauliza ni rangi ya mafuta au ya maji. Saa nane kaka yangu Kaingu anauliza, kwa heshima zote na katika majonzi haya, baiskeli ya Mzee itakaa kwa nani. Kufikia saa kumi na moja imeshagawanywa: magurudumu kwa Kaingu, kengele kwa mjomba. Binamu mmoja ameandika kwamba alijua siku moja uchoraji wangu utaua mtu.

Nikaandika kwamba Baba ni mzima. Kaingu akajibu kwamba msiba ukimwelemea mtu huongea hivyo, niombewe.

Dhahabu amenipiga na mwiko. Akacheka mpaka akakaa chini. Akainuka, akanipiga tena.

Nepi ya mtoto leo: manjano safi, imekolea. Picha yangu haijapata manjano kama hayo.

Ijumaa 16

Wanawake wa kanisa wamefika na viti. Nikawaambia hakuna msiba. Wakasema mchele umeshaoshwa.

Wako katikati ya kuimba, Mzee akaingia uani na kuku mkononi. Akauliza nani amefariki. Mama mmoja akakimbilia chooni, akajifungia. Dhahabu akapiga goti, shikamoo Baba. Marahaba zikaitikwa mbili, moja ya Mzee, moja ya mtoto.

Mzee akaagiza asomewe kundi la ukoo, na asome Jacktone, kwa kuwa si wetu, hatapindisha neno. Jacktone akasoma ujumbe wote kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alipofika kwenye kengele, Mzee akamwomba arudie.

Basi Mzee ametoa uamuzi. Kaloleni harudi mpaka Kaingu aje kwa miguu yake kuomba radhi. Atakaa hapa. Akafungua mlango wa stoo yangu, akasimama, akasema hapa pana ubaridi mzuri. Hajamaliza sentensi, Nyamvula keshaleta godoro. Nikasema Jumapili haijafika bado. Akasema anamwekea Mzee nafasi tu.

Jumapili 18

Ibada. Nikaitundika picha mbele kwa mkono wangu. Mchungaji akaitazama, akanishukuru mbele ya watu wote kwa ramani ya kata yetu. Akasema hata barabara mpya ameiona. Zile zilikuwa ndevu.

Nikamgeukia Mzee. Akauliza ni nani. Nikasema ni yeye. Akasema basi ni kweli alikufa.

Kisha mtoto akashuka mapajani mwa Nyamvula, akatembea mpaka mbele, akaweka kiganja pale kwenye kofia, akasema: "Babu."

Machozi yalinitoka, sioni haya kuyaandika. Nikamnong'oneza Nyamvula kwamba mtu mwenye macho ametambua. Akafikiri, nilimwona akifikiri, mkono wake umeshika wangu. Tukatoka nje. Mtoto akamwona mbuzi wa watu, akamkumbatia, akasema: "Babu."

Stoo imekwenda. Rangi ziko juu ya kabati.

Jumatatu 19

Kazini zamu ya usiku, kwa hivyo mchana niko na mtoto.

Nyamvula amenunua mche mzima wa sabuni ya kufulia ya wiki mbili. Mrefu, mgumu, bluu. Nimeutazama tangu asubuhi, na kusema kweli kuna kifaru amelala humo ndani, anangoja mtu wa kumtoa. Uchongaji hautaki stoo, baraza linatosha. Hautaki uji wala bakuli. Nimechukua kijiko, nimemwomba Baba anishikie upande wa mkia.

Hatari haipo kabisa. Ameilamba sabuni mara mbili tu, na ya pili hakukunja uso.