Mwaliko wa Dhahabu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ushindi! Kwaya imenipa mi kazi ya kutengeneza matangazo ya kwenye simu. Hénock, aliyekuwa akituma maneno matupu bila picha, amenuna. Anune! Mi nimeweka rangi ya dhahabu, herufi nyembamba zenye mikia, na nyuma yake picha ya ziwa la Nzilo. Kwenye kompyuta yangu linang'aa. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hakuna mtu. Tangu dada yangu Mujinga aolewe Likasi, huwa nasahau kwamba niko peke yangu.

Jumanne, 4 Machi
Mpango mkubwa. Tangazo la kwanza ni mwaliko: mazoezi ya Jumamosi yafanyike kwangu, pamoja na chakula. Kwaya nzima sebuleni! Rachelle wa sauti ya kwanza atakaa karibu na dirisha. Nimetuma.

Jumatano, 5 Machi
Kimya. Mama Agnès, mkubwa wa kwaya, akanionyesha simu yake: kioo kidogo, hafifu, cha zamani. "Tata Ntambwe, mi naona tu matope." Akauliza limeandikwa nini. Nikamwambia aangalie vizuri. Tangazo la kuelezwa kwa mdomo si tangazo. Rachelle akasema karibu wote wana simu za namna ile. Eti nijaribu kwanza kwenye simu ya Mama Agnès: herufi nene, nyeusi juu ya nyeupe, maneno machache. Nikajibu uzuri haupunguzwi.
Nyumbani nikaupunguza. Ukurasa mzima sasa unaenea kwenye kioo kidogo. Herufi zimekuwa sisimizi, lakini sisimizi wa dhahabu. Nimetuma tena.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepika bukari ya mahindi, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Nimeazima viti kwa jirani. Saa tisa, hakuna mtu. Saa kumi, hakuna. Halafu nikasikia kuimba. Kanisani, ng'ambo ya barabara! Kwaya yote. Nikasimama mlangoni, mwiko mkononi. Ningeweza kuvuka. Lakini mwenye karamu aende kuokota wageni? Nikaimba besi yangu palepale, polepole, katikati ya viti. Nadhani tulipatana.

Jumapili, 9 Machi
Rachelle amepita kuuliza kwa nini sikufika mazoezini. Nikamwonyesha viti. Akavihesabu kwa macho.
"Kumbe ulituita?"
Nikasema niliwaita mara mbili, kwa dhahabu.
"Ungesema tu, Ntambwe. Tungekuya bote."
Akaketi karibu na dirisha, akala sombe iliyopoa, akacheka hadi nami nikacheka. Nyumba ilikuwa imesahau sauti hiyo. Mlangoni akanisihi niwaite watu kwa maneno mawili tu: mukuye kwangu. Akavuka barabara. Nikabaki nimeshika sahani yake.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefikiri sana. Rachelle ana haki: maneno yalikuwa mengi. Ndiyo yaliyowasumbua watu. Na kama mawili ni bora kuliko kumi, basi! Nimeyatoa yote. Limebaki ziwa, na dhahabu pande zote. Safi kabisa! Atakayeliona atajua mwenyewe kwamba ameitwa.
Nimetuma. Jumamosi nitaongeza samaki.