Dodoso la Wasio na Mtandao

Jumatatu, 3 Machi
Swali linalonitesa tangu chuo kikuu: asiye na mtandao, nani atamsemea? Leo nimejibu. Mimi! Kampuni ya simu itavuta waya bure katika mtaa mmoja tu, utakaothibitisha kufikia Ijumaa kwamba wengi hawana mtandao. Nimejitwika uratibu. Mshonaji wa ghorofa ya chini aliutaka. Binti yake anasomea uuguzi kwa mtandao, na hupanda paani na simu kutafuta mawimbi. Nikamweleza kwa upole kwamba hili ni suala la kitaalamu. Akasema haya, dada msomi, tumekuachia usukani, usitutose tu. Sikupenda tabasamu lake.

Jumanne, 4 Machi
Dodoso tayari! Maswali arobaini na moja. La kwanza: je, una mtandao nyumbani? Nimelituma kwa barua pepe. Makaratasi ni mambo ya kale.

Jumatano, 5 Machi
Majibu manne. Wote wanao. Asilimia mia! Nimeduwaa. Huenda nilidanganywa na huruma yangu? Wakati huohuo mshonaji anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake la vipimo. Nilichungulia. Fundi baiskeli: kiuno thelathini na nane, mtandao hana. Mbinu duni kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeituma taarifa: mtaa wetu hauna upungufu wowote. Imeniuma, lakini takwimu hazina undugu. Binti akaniamkia kutoka paani, akauliza, shangazi, waya wetu vipi, mtihani ni mwezi ujao. Nikajifanya natafuta funguo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Kampuni imepokea taarifa mbili zinazopingana, ikamtuma ofisa. Mshonaji akamfungulia daftari: nyumba hamsini na nane, hazina. Ofisa akainua macho, akamwona binti ameng'ang'ania bomba la paani, simu juu. Waya tumepewa! Vigelegele. Mshonaji akaniambia mbele ya watu kwamba, dada, ulikwenda kubisha hodi kwa wasio na milango. Wakacheka hadi machozi. Nami nilicheka, kidogo, kwa adabu.

Jumamosi, 8 Machi
Waya ni wetu, nami nafurahi kwa dhati. Hata hivyo, kisayansi, jambo moja halijatatuliwa: kwa nini nyumba hamsini na nane zilipuuza dodoso langu? Uvivu? Haya? Siwezi kuhitimisha, kwani sina data. Asubuhi nimewatumia wote barua pepe yenye maswali kumi na mawili kuhusu sababu za kutojibu.

Hadi magharibi hii, kimya. Inasikitisha watu wasivyojali.