Matumbawe ya Mkuu Mtarajiwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Cheo ni changu! Daktari, bosi wetu hapa kituoni, ametangaza: mkuu mpya wa kitalu cha matumbawe atakuwa mimi au mwenzangu Miwani. Kila mmoja ana vipande alivyovikuza mwenyewe. Keshokutwa vyote vinaingia tangi la joto. Bahari inazidi kupata moto, kasema, kwa hiyo vitakavyohimili ndivyo vitakavyopandwa mwambani, na mwenye navyo ndiye mkuu. Atakayeshindwa ataosha matangi. Pole, Miwani! Nimempigia mama mkwe kumwambia nimeshapata. Kapiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Jumamosi anakuja kuona ofisi yangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Lo! Leo nimevitazama vipande vyetu vizuri. Vya Miwani vimerefuka, vimetoa matawi ya kupendeza. Vyangu vifupi, vinene, vimejikunyata. Nimemuuliza Miwani anavilisha nini. Eti hakuna siri, ni vinasaba tu, kila tumbawe na ukoo wake. Vinasaba! Mtu mchoyo wa siri husingizia ukoo. Mke wangu kanishauri nimwambie mama yake ukweli mapema. Mwanamke huyu hana maono.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara, lakini leo nimesuka! Miwani alipokwenda kula, niling'oa vibandiko vya majina nikavibadilisha. Jina langu sasa liko kwenye vile virefu, lake kwenye vile vinene. Gundi yetu hushika hata ndani ya maji. Ikashika na vidole vyangu viwili. Punde Daktari akaja, akavitia vyote kwenye tangi la joto, akafunga kifuniko. Miwani aliporudi alinisaidia kubandua vidole, akanitakia heri. Masikini wa Mungu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Joto linapandishwa kidogo kidogo. Nimejaribu kiti cha mkuu. Kinazunguka. Nitamruhusu Miwani akikalie siku za sikukuu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Msiba! Kifuniko kimefunguliwa. Vile virefu vimepauka, vyeupe pe! Vile vinene vimebaki na rangi yake, vimetulia kama havikusikia kitu. Daktari akaeleza kwamba mara nyingine tumbawe linalokua haraka huishiwa nguvu joto likizidi, na linalojivuta ndilo linalovumilia. Akampa Miwani mkono wa pongezi.

Mpumbavu yule, badala ya kushukuru, akasema hivi si vyake, vyake vilikuwa virefu. Nikadakia kwamba kweli, ni vyangu! Daktari akauliza vibandiko vilihamaje. Nikasema labda ni mkondo wa maji. Akatazama vidole vyangu, bado vina gundi. Akaamua papo hapo: Miwani ndiye mkuu. Jamani, ningekaa tu mikono kifuani, cheo kingekuwa changu! Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Mama mkwe kaja na mke wangu na mashangazi wawili. Walinikuta nasugua mwani, mikono imezama tangini hadi kwenye viwiko. Akauliza kwa fahari ofisi ya mkuu wa kitalu, mkwe wake, iko wapi. Miwani akaelewa, akasimama, akanipisha kwenye kiti kimyakimya. Nikakaa. Nikazunguka. Nikamwagiza Miwani chai, akaileta.

Ningeishia hapo, ningepona. Nikamwagiza na sukari zaidi, kwa sauti ya kikubwa, Daktari akiwa mlangoni. Aliniuliza mbele ya wageni kama matangi yamejiosha. Aibu iliyoje! Mama mkwe akamgeukia Miwani, akamuuliza kama ameoa, maana nyumbani bado ana binti mmoja. Njiani mke wangu alisema za mwizi ni arobaini, mimi zangu hazifiki hata wiki.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Nimetafakari siku nzima. Miwani, kwa huruma zake, kamwomba Daktari aniruhusu kukuza vipande vipya kwa jaribio la pili. Kakubali. Mtu mzima lazima akiri kosa lake, nami nakiri: nilikosea kuhamisha vibandiko. Gundi ilinichongea.

Safari hii nitahamisha matumbawe yenyewe.